Sini Nguzoni, Chungu Mlangoni: Usomaji wa Vyombo vya Udongo katika Magofu ya Malindi na Kilifi

Wahakiki wa ushairi wa Kiswahili hukutana na vyombo vya sini mahali pamoja mashuhuri. Katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anatupitisha ndani ya majumba ya Pate yaliyokwisha kuwa mahame, na miongoni mwa vitu anavyotuonyesha ni vidaka vya ukutani ambamo zamani zilipangwa sahani na ambamo sasa ndege wamelaza makinda yao. Tangu tafsiri ya W. E. Taylor ya mwaka 1915, na baadaye matoleo ya Hichens (1939) na Allen (1977), sahani hizo zimefasiriwa kwa namna moja: ni anasa, ni kiburi cha dunia, ni mali isiyomfuata mwenyewe kaburini.

Fasiri hiyo ina nguvu zake, na matini yenyewe inaiunga mkono. Hata hivyo inapata mushkili mara tu msomaji anapoteremka kusini kutoka visiwa vya Lamu hadi mwambao wa Malindi na Kilifi. Huku, bakuli lile lile la Uchina lililopamba kidaka cha tajiri limepachikwa katika nguzo ya kaburi. Nguzo ya Mambrui, kaskazini ya Malindi, ilikuwa na mabakuli ya sini yaliyozama katika chokaa yake. Misikiti kadhaa ya pwani hii nayo ilipachikwa mabakuli kandokando ya mihrabu. Ikiwa sini ilikuwa ishara ya mali isiyomfuata mtu kaburini, kwa nini watu hawa waliifikisha kaburini kwa makusudi, wakaipandisha juu ya kichwa cha maiti ili kila mpita njia aione?

Swali hili ndilo chanzo cha makala haya. Dai letu ni kwamba vyombo vya udongo vya mwambao huu vimesomwa mno kwa kuulizwa vilikotoka, na vimeulizwa kidogo sana mahali vilipowekwa. Kosa hilo halikufanywa na wanaakiolojia peke yao. Sisi wa fasihi tulilifanya pia, na pengine tulilifanya kwa uzito zaidi, tulipokuwa tukijadili asili ya ushairi wetu.

Kabla ya kuendelea, neno moja juu ya istilahi. Kiswahili kina "sini", neno linalobeba jina la nchi ya Uchina ndani yake, na kina "kauri", neno ambalo ni jina la konokono yule wa baharini mwenye gamba jeupe linalong'aa na wakati huo huo ni jina la chombo cha udongo chenye mng'aro. Jambo la kuvutia ni kwamba Wataliano walipita njia hiyo hiyo: "porcellana" lilikuwa jina la gamba la kauri kabla ya kuwa jina la sahani za Uchina, na kutoka kwao likaenea katika lugha nyingine za Ulaya. Watu wawili walio mbali wakatazama chombo kimoja kigeni, na kila mmoja akakifananisha na kitu alichokuwa akikiokota ufukweni. Hapo ndipo panapoanza ufasiri: mgeni alipewa jina la mwenyeji.

Wasomi wa Amerika ya Kusini wametangulia katika aina ya usomaji tunaoupendekeza, na si vibaya kuwatazama kwa muda. Katika pwani ya kaskazini ya Peru waliishi watu tunaowaita Wamoche, ambao ustaarabu wao ulistawi takriban kati ya mwaka 100 na mwaka 800 B.K. Hawakuwa na maandishi. Walichokuwa nacho ni mitungi iliyochorwa kwa mistari myembamba ya rangi nyekundu juu ya mandhari ya rangi ya maziwa, na katika mitungi hiyo kuna tukio linalorudiwa mara nyingi: mateka wanachinjwa, damu yao inakingwa, na kikombe kinatolewa kwa bwana mmoja aliyevaa mavazi ya ajabu. Christopher Donnan na wenzake walilinganisha mitungi mingi mpaka wakaweza kumtambua kila mhusika kwa mavazi yake, kama vile mhakiki anavyomtambua mhusika wa ngano kwa sifa zake. Wengi walidhani kwamba hiyo ilikuwa hadithi ya miungu tu. Kisha mwaka 1987 Walter Alva akafukua makaburi ya Sipán, akamkuta maiti amezikwa na mavazi yale yale ya yule bwana aliyechorwa mitungini. Mchoro ulikuwa ukieleza ibada iliyotendwa na watu waliopata kuishi. Kilichoukata mjadala ni kaburi.

Lakini sehemu kubwa ya mitungi ya Wamoche iliyomo katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani ilichimbwa na waporaji. Michoro ipo, mahali pamepotea. Katika mwambao wetu mambo yamepinduka: makaburi mengi yaliyopachikwa mabakuli yamebaki na matundu ya duara tu, kwa kuwa mabakuli yenyewe yameng'olewa na wakusanyaji. Mahali papo, michoro imepotea. Kwa hiyo msomaji wa Peru na msomaji wa Malindi wana kazi moja inayotazamana kutoka pande mbili.

Mji usio na tarikhi

Gede ni mfano ulio wazi kuliko yote. Mji huu, ulioko kilomita kama 16 kusini ya Malindi, pembeni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke, una ukuta wa nje unaozunguka eneo la eka zipatazo 45, una msikiti mkuu, jumba la mtawala, na nyumba za mawe zilizopangwa kwa vyoo, visima na ua. Pamoja na ukubwa huo wote, Gede haina tarikhi. Pate ina tarikhi yake, Kilwa ina yake, na Lamu pia. Wareno, waliofika Malindi mwaka 1498 na kukaa jirani kwa karibu karne nzima, hawakuacha maelezo ya mji huu. Umeachwa mwanzoni mwa karne ya 17 na hakuna aliyeandika ni nani walioondoka wala walikwenda wapi. Kaburi moja tu lina tarehe: mwaka 802 wa Hijra, yaani 1399.

James Kirkman, aliyeteuliwa kuwa mhifadhi mwaka 1948 na kuchimbua hapo kwa takriban miaka kumi, hakuwa na kalenda nyingine isipokuwa vigae. Alijua takriban wakati ambapo tanuru za Longquan zilitoa vyombo vya kijani kibichi, na wakati ambapo Jingdezhen ilianza kutoa vyeupe vyenye michoro ya buluu. Alijua pia vyombo vya manjano vilivyochorwa mistari myeusi, vilivyoletwa kutoka Yemen, ambavyo ni alama ya karne ya 14. Kwa vigae hivyo aliipa kila sakafu umri wake. Hatuna budi kumshukuru. Ila njia hiyo ina hatari ambayo mtu yeyote aliyekulia katika nyumba yenye kabati la vyombo vya bibi anaielewa: sahani ya thamani haivunjiki mwaka iliponunuliwa. Hurithishwa. Kigae kinaeleza tanuru lilipowaka. Hakielezi mkono uliokiangusha ulikuwa wa mjukuu wa nani.

Na Kirkman hakuishia kwenye tarehe. Alizipa nyumba majina, na majina hayo yanastahili kusomwa kama matini. Tunayo Nyumba ya Bakuli la Sini. Tunayo Nyumba ya Sarafu za Kichina, Nyumba ya Ushanga wa Venice, Nyumba ya Kijaluba cha Pembe, Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Mkasi. Kila nyumba imeitwa kwa kitu kimoja kilichookotwa ndani yake, na aghalabu kitu hicho ni kile kilichosafiri mbali zaidi. Hakuna nyumba iliyoitwa kwa chungu. Ilhali katika maeneo mengi ya mwambao yaliyochimbuliwa, vigae vya kigeni ni asilimia chache tu ya vigae vyote. Vinavyobaki ni vya vyungu, mitungi, mikungu na vikaango vilivyofinyangwa hapa hapa, kwa mikono, na kuchomwa uwanjani kwa kuni. Mfumo mzima wa majina ya Gede umejengwa juu ya hizo asilimia chache.

Tuwe waadilifu: Kirkman hakuvipuuza vyungu. Alivichora, akavipanga kwa makundi, akavieleza katika ripoti zake za Msikiti Mkuu (1954) na za Jumba la Mtawala (1963), na vile vile katika taarifa zake za Kilepwa na Ungwana. Tatizo lilikuwa katika simulizi aliyoijenga juu ya michoro hiyo. Katika kitabu chake cha mwaka 1964 alishikilia kwamba makumbusho haya ya kale ni ya Waarabu na Waajemi waliofanana na Waarabu, watu waliochanganya damu na Waafrika lakini ambao utamaduni wao ulikuwa mbali kabisa na wa Waafrika waliowazunguka. Kwa mtazamo huo, sini ndiyo mji, na chungu ni jikoni. Na jikoni, yamkini, ni mahali pa watu wengine.

Methali yetu yasema mfinyanzi hulia gaeni. Kwa kawaida hufasiriwa kwamba fundi hatumii kazi yake nzuri, kama fundi seremala asiye na kiti. Katika historia ya Gede methali hiyo imepata maana ya pili isiyokusudiwa na wazee: aliyefinyanga sehemu kubwa ya vyombo vya mji amebakishiwa gae, na hata gae lenyewe halikupewa nyumba.

Utafiti uliofuata umeigeuza picha hiyo. Mark Horton, aliyechimbua Shanga katika kisiwa cha Pate katika miaka ya 1980 na kuchapisha matokeo yake mwaka 1996, alionyesha mfululizo usiokatika kutoka vyungu vya karne ya 8 hadi mji wa mawe. George Abungu alifuata vyungu vya namna hiyo kando ya Mto Tana, bara kabisa. Vyungu hivyo vyenye mikato ya pembetatu mabegani, ambavyo Horton aliviita mapokeo ya Tana na Felix Chami akaviita kwa umbo la mikato yake, vimepatikana kutoka Somalia hadi Msumbiji, pwani na bara. Wasomi hawa wawili wamegombana juu ya jina na juu ya asili, na ugomvi wao haujatulia. Lakini hakuna hata mmoja wao anayesema kwamba waliofinyanga vyungu hivyo walikuwa watu mbali na waliojenga miji.

Chungu kilichozikwa

Kuna vyungu vya Gede ambavyo havikuwa vya jikoni. Kirkman alieleza kwamba chini ya sakafu, karibu na mlango, kulikuwa na chungu cha udongo kilichozikwa, naye alikifasiri kuwa ni cha fingo: dawa ya kulinda, inayomvuta jini mlinzi ili yeyote aingiaye kwa nia mbaya arukwe na akili. Alilitumia neno lenyewe la wenyeji. Taarifa hii hutajwa katika vijitabu vya watalii kama kichekesho cha kupumzikia, kisha msafara huendelea mpaka kwenye bakuli.

Sisi tunadhani kwamba hapa ndipo msafara ungepaswa kusimama. Neno "fingo" ni neno hai katika makaya ya Wamijikenda, yale makazi ya kale yaliyo ndani ya misitu kutoka Kilifi hadi Kwale, ambayo baadhi yake yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Kaya ina fingo lake. Limezikwa, halionyeshwi, na uhai wa kaya kama kaya unatokana nalo. Wazee hulitaja kwa tahadhari, na mtafiti mwenye adabu haombi kulionyeshwa. Kwa hiyo katika mji wa mawe unaodaiwa kuwa mbali kabisa na majirani zake, mlangoni mwa nyumba, tunakuta chombo na neno ambavyo Mgiriama au Mkauma hahitaji kutafsiriwa.

Tuviweke vyombo viwili hivi pamoja. Kimoja ni cheupe, kinang'aa, kimechorwa, kimetoka mbali, kimewekwa juu, na kimekusudiwa kuonekana. Kingine ni cheusi kwa moshi, hakina rangi, kimefinyangwa hapa, kimewekwa chini, na kimekusudiwa kutoonekana. Vyote viwili vinalinda. Linda Donley-Reid, aliyefanya utafiti katika nyumba za Lamu katika miaka ya 1980, alieleza kwamba sahani za sini zilizopangwa katika zidaka za chumba cha ndani, mahali pa uzazi na pa kuoshea maiti, zilikuwa kinga dhidi ya kijicho na uchafu wa kiroho. Jicho baya hukutana kwanza na mng'aro wa sahani. Ukikubali maelezo yake, hata kwa sehemu, basi sini ya ukutani na chungu cha sakafuni vinafanya kazi moja kwa njia mbili zilizopingana: kimoja kwa kuvuta jicho, kingine kwa kulikimbia. Huu ni utaratibu wa ishara wenye nyuso mbili, nao si wa Uchina wala si wa Uarabuni. Wahakiki na wanahistoria walisoma uso mmoja kwa sababu ndio uliokuwa ukitazama nje.

Sasa turudi kwenye nguzo. Makaburi ya nguzo yameenea kutoka kusini ya Somalia hadi Tanzania. Yapo Malindi karibu na Msikiti wa Ijumaa, yapo Mnarani juu ya hori la Kilifi, yapo Gede, na kusini zaidi yapo Kaole na Kunduchi, ambako yale ya karne ya 18 nayo yalipachikwa mabakuli. Ni umbo la pwani hii. Msomaji akitaka kujua asili ya bakuli la nguzoni atajibiwa Uchina, na jibu hilo litamwacha pale pale alipokuwa, kwa sababu Mchina hakupachika bakuli kaburini kwa namna hii. Na hata hilo jibu la Uchina halisimami imara likichunguzwa. Buluu ya bakuli la Jingdezhen la karne ya 14 ilitokana na madini yaliyoletwa kutoka Uajemi. Bakuli lilinunuliwa na kuuzwa katika bandari za Bahari ya Hindi na Ghuba, mkononi mwa wafanyabiashara wa dini na lugha mbalimbali, kabla ya kufika hapa kwa upepo wa kaskazi. Likapachikwa katika chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe ya mwamba wetu. Ukiliuliza linatoka wapi, litakupa majibu manne.

Jambo moja la ufundi linastahili kukaziwa macho. Bakuli halikupachikwa kifudifudi. Kitako chake kilizamishwa katika chokaa na mdomo wake ukaachwa ukimtazama mtu, kiasi kwamba kinachoonekana ni tumbo la ndani, pale ambapo mchoraji aliweka ua, ndege au herufi ya Kichina. Bakuli lililowekwa hivi haliwezi kushika wali wala maji. Limetolewa katika kazi ya kulisha na kufanywa uso wa kusomwa. Mwambao huu unajua chombo cha namna hiyo katika mazingira mengine: mgonjwa huandikiwa aya za Kurani kwa wino wa zafarani ndani ya sahani nyeupe, maandishi huoshwa kwa maji au kwa marashi, naye huyanywa. Sahani hiyo huitwa kombe, na dawa yenyewe pia huitwa kombe. Hatudai kwamba mabakuli ya Mambrui yalikuwa makombe ya uganga. Tunasema tu kwamba katika utamaduni huu tumbo jeupe la chombo lilikwisha kuwa ukurasa, na mtu aliyesimama mbele ya nguzo ile hakuwa akitazama mali peke yake.

Jeffrey Fleisher (2010), akitumia ushahidi wa Pemba, ameongeza hoja inayotufaa. Anaeleza kwamba mabakuli ya kulia, ya kigeni na ya kienyeji, yaliongezeka katika miji ya pwani baada ya mwaka 1000, na anahusisha ongezeko hilo na karamu, ambazo kwazo wakubwa walijijengea jina kwa kulisha watu. Wali wa kushiba huonekana kwenye sahani. Ikiwa ndivyo, basi bakuli la kaburini lilikuwa kumbukumbu ya karamu, na maana yake ilikuwa karibu zaidi na ukarimu kuliko kiburi: huyu aliyelala hapa alilisha watu. Fasiri hii inamrudia Sayyid Abdalla kwa njia mpya. Vidaka vitupu vya Pate havituambii tu kwamba tajiri amekufa. Vinatuambia kwamba hakuna tena anayekaribishwa kula. Kinachoombolezwa hapo ni jamaa iliyotawanyika, na makinda ya ndege yamekuwa wageni wa mwisho wa nyumba.

Bakuli na bahari

Wasomaji wa jarida la fasihi watakuwa wamekwisha kuusikia mwangwi. Mjadala wa asili ya ushairi wa Kiswahili ulikwenda kwa hatua zile zile za mjadala wa vigae. Harries (1962) na Knappert (1967, 1979) walikusanya na kuhifadhi tungo nyingi, nao, kama Kirkman, wanastahili shukrani. Knappert hasa aliiona fasihi hiyo ya kale kuwa ya Kiislamu na ya Mashariki kwa asili na kwa roho. Maneno ya Kiarabu yakahesabiwa kama sini zinavyohesabiwa, na yakapewa nyumba. Ibrahim Noor Shariff katika Tungo Zetu (1988), na tena pamoja na Alamin Mazrui (1994), alilipinga dai hilo kwa kuonyesha kwamba bahari zetu zina kanuni zake.

Tukitazama Al-Inkishafi yenyewe, hoja inaonekana bila taabu. Jina lake ni la Kiarabu. Msamiati wake wa dini ni wa Kiarabu. Lakini ushairi wa Kiarabu wa kale hupimwa kwa urefu na ufupi wa silabi, na Kiswahili hakina tofauti hiyo; mshororo wa Al-Inkishafi hupimwa kwa idadi, mizani kumi zilizogawanyika sita na nne. Neno la Kiarabu linapoingia humo hunyooshwa, hutiwa irabu, huhesabiwa upya. Limepachikwa katika chokaa ya mwamba wetu. Anayeuliza neno limetoka wapi ameuliza swali halali, ila hajaanza bado kuusoma mshororo.

Kuna mahali ambapo, kwa maoni yetu, Shariff na wafuasi wake walikwenda mbali mno. Katika kuukana ugeni, baadhi ya waandishi wa wakati ule walianza kuona haya hata kwa sini yenyewe, wakitaka chungu peke yake kiwe ushahidi wa utu wetu. Hiyo ni kugeuza shilingi na kubaki na upande mmoja tena. Nyumba ya Gede ilihitaji vyombo vyote viwili, kimoja ukutani na kimoja chini ya mlango, na mwenye nyumba hakuonekana kutaabika kuhusu kipi kati yao ni chake zaidi.

Mjadala huu haujawa wa kale. Mwaka 2010 wachimbuzi wa Chuo Kikuu cha Peking na Makumbusho ya Taifa ya Kenya walianza kazi katika eneo la Malindi na Mambrui, na mwaka huo huo ikapatikana Mambrui sarafu ya mfalme Yongle, aliyetawala Uchina kuanzia 1402 hadi 1424. Habari hiyo ilipokelewa kwa shangwe, kwa kuwa inaoana na safari za amiri Zheng He na yule twiga aliyepelekwa kutoka Malindi hadi kwa mfalme huyo mwaka 1415. Uchimbuzi ule ulikuwa wa kitaalamu na umeongeza mengi katika tunayoyajua. Magazeti, hata hivyo, yalirudia mtindo wa miaka ya 1950: kigae kikawa cheti cha kuzaliwa, safari hii cha urafiki wa mataifa. Tena chombo kikaulizwa pasi yake ya kusafiria. Mwaka 2024 Gede iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia, na wageni watazidi. Watapita katika Nyumba ya Bakuli la Sini na Nyumba ya Ushanga wa Venice, na majina hayo yatawafundisha historia kabla mwongozi hajafungua kinywa.

Yapo ya kufanywa, hasa na wanafunzi wa shahada za juu walioko Kilifi na Mombasa. La kwanza ni matundu. Tundu la bakuli lililong'olewa huhifadhi mengi: kipenyo cha mdomo, kina cha tumbo, na mara nyingine alama ya kitako katika chokaa. Huonyesha pia urefu kutoka ardhini, upande uliotazamwa, na uwiano wake na maandishi ya kaburi pale yalipo. Utepe wa kupimia, daftari na ruhusa ya Makumbusho vinatosha kuanzia. La pili ni msamiati wa vyombo, chungu, mkungu, kibia, bungu, waya, chetezo, mtungi, kama unavyotumika leo na wanawake wanaofinyanga bado katika vijiji vya Wagiriama na Wachonyi, pamoja na majina wanayoyatumia kwa mikato na mapambo. Majina hayo hayamo katika kamusi zetu kwa ukamilifu, na wafinyanzi vijana ni wachache. La tatu linahitaji subira na adabu zaidi: kuwauliza wazee wa kaya, si fingo liko wapi, bali chombo chake huchaguliwaje, hufinyangwa na nani, na kwa nini kiwe cha udongo.